Hondohondo na Kuyu la Kwanza

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo ya wagonjwa? Waliokula waitikie, na ambao hawajala wajikaze. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na kinu.

— Na mchi wake!

Palikuwa na mlango.

— Na mwenye kubisha!

Basi abishe tumfungulie. Endeleeni kupukuchua mbaazi, mikono isilale. Hadithi inasikilizwa kwa masikio, haisikilizwi kwa vidole.

Hapo zamani za kale, zamani sana, kenge alikuwa na ulimi mzima kama wako na wangu, na kunguru alikuwa na sauti nzuri, akialikwa kuimba harusini. Zamani hizo, katika msitu wa ng'ambo ya mto, waliishi Hondohondo na mkewe. Mume wenzake walimwita Hondo. Mke jina lake Kidawa.

Hondohondo mnamjua. Ni yule ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa. Akiruka, mabawa yake yanavuma vuu, vuu, vuu, mpaka unadhani upepo umeingia. Si mzuri sana wa sura. Lakini sura haipikwi.

Sasa, ndege hawa wana mila yao, na hadithi yote imekaa juu ya mila hiyo, kwa hiyo tegeni masikio. Mke akitaka kutaga, hajengi kiota cha majani. Anatafuta pango ndani ya mti mkubwa, anaingia. Mume anamletea udongo kwa mdomo, donge kwa donge, na mke anakandika mlango kutoka ndani. Anakandika, anakandika, mpaka mlango unazibika. Unabaki mwanya mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Kisha huko ndani mke ananyonyoka manyoya, anayatandika chini, anataga juu yake.

Fikirini wenyewe. Amefungiwa. Hana manyoya ya kurukia. Hawezi kujitafutia hata panzi. Kila atakachokula kitatoka kwa mume, kwa kupitia mwanya ule. Mume akirudi, mke anakula. Mume asiporudi, mke analala njaa, na kesho yake pia, mpaka mwisho wake.

Nani kasema "mimi nisingeingia"? Wewe Mwanahamisi? Basi na Kidawa naye aliliwaza hilo. Kabla ya kumaliza kuziba mlango alitoa kichwa nje, akamwita mumewe.

"Mume wangu, mimi naingia. Nataka uniahidi mambo matatu."

"Sema, mke wangu."

"La kwanza, chochote utakachopata, cha kwanza changu, cha pili chako. Usimeze wewe kabla sijameza mimi."

"Nimekubali."

"La pili, ukija bisha mara tatu kwa huo mdomo wako mzito, nijue ni wewe. Dunia ina wengi."

"Nimekubali."

"La tatu, siku ukikosa, njoo vilevile. Bisha, uniambie nimekosa. Usiache kuja kwa sababu huna kitu."

Hondo akacheka. "Mke wangu, mimi nitakosa? Msitu wote huu na makuyu yake?"

"Sijakuuliza kama utakosa. Nimekuuliza kama utakuja."

"Nitakuja."

Kidawa akarudisha kichwa ndani. Mlango ukazibwa, ukabaki mwanya.

Akataga mayai matatu.

Hondo akaanza kazi yake. Asubuhi anaruka, vuu, vuu, vuu. Anachuma kuyu, halimezi, analibeba mpaka kwenye mvule wao. Analiweka kwenye panda ya tawi, anabisha: ngo! ngo! ngo! Kisha anaimba:

*Kidawa, Kidawa wa ndani ya mti,*
*Nilichopata ni hiki.*
*Kiwe kidogo, kiwe kikubwa,*
*Cha kwanza chako, cha pili changu.*

Na Kidawa anaitikia kutoka ndani:

*Hondo, Hondo wa juu ya tawi,*
*Nimeisikia hodi yako.*
*Kiwe kidogo, kiwe kikubwa,*
*Mradi umekuja mwenyewe.*

Kidawa anapokea, anakula. Hondo anaruka tena, anachuma la pili, analimeza. La tatu anapeleka nyumbani. Hivyo hivyo kutwa. Hodi, wimbo, tunda. Hodi, wimbo, tunda. Majirani walikuwa hawahitaji jogoo, waliamka kwa hodi ya Hondo.

Sasa chini ya mvule ule, kwenye mizizi, alikaa Kenge. Kenge ana makucha, na anapenda mayai kuliko anavyompenda mamaye. Kila siku alitazama juu akameza mate. Lakini kila akipanda hatua mbili tatu, anasikia ngo! ngo! ngo! Anaukumbuka ule mdomo, anashuka.

Siku moja akamwita Kunguru.

"Ndugu yangu," akasema Kenge, "juu pale pana mayai matatu. Mimi nina makucha ya kubomolea ukuta, lakini mume hakawii kurudi."

"Na mimi nina maneno," akasema Kunguru. "Mume nitamwondoa. Tutagawanaje?"

"Moja langu, moja lako."

"Na la tatu?"

Kenge akafikiri. "La tatu la mwenye mti. Mimi nakaa kwenye mizizi."

"Mizizi ni mti? La tatu la mwenye maneno."

Wakabishana juu ya yai la tatu mpaka jua likageuka. Walikuwa hawajalishika hata moja. Mwishowe wakaafikiana kuwa ubishi huo watauendeleza wakishashiba.

Kunguru akapanda kwenye tawi la Hondo. Akajinyoosha manyoya.

"Bwana Hondo, salamu. Leo ng'ambo kuna ngoma. Chiriku anaoa. Pombe ya mtama, kumbikumbi wa kukaanga, warembo wa kila rangi. Twende, usiku tu mmoja."

"Ahsante," akasema Hondo. "Mke wangu yumo ndani. Nenda kanisalimie bwana harusi."

Akaruka kutafuta kuyu. Ngoma haikumshinda.

Siku zikaenda. Masika ya mwaka ule yalikuwa yamepita na manyunyu tu, kikaingia kipupwe kikavu, cha upepo wa baridi. Mikuyu ikaacha kuzaa. Hondo akaleta panzi. Panzi wakaisha, akaleta mbegu. Safari ikawa ndefu na mzigo ukawa mdogo. Lakini hodi ilikuwa ileile: ngo! ngo! ngo!

Kunguru akaja mara ya pili.

"Bwana Hondo, mimi rafiki yako, sipendi kukuficha. Ndege wanakucheka. Wanasema, tazameni dume zima, mtumwa wa tundu! Anabeba chakula mdomoni na kukila hakili. Mwenzako ndani amekaa kitako. Ungekuwa mwanamume, ungemwacha siku mbili akajua thamani yako."

Hilo lilimchoma Hondo, nisiwadanganye. Lakini akasema, "Waambie wacheke vizuri, wasikohoe. Mimi nimeahidi."

Akaruka. Kejeli nazo hazikumshinda.

Mnaona? Shemeji Mhina, usitabasamu, bado. Ngoma haikumshinda, na kejeli hazikumshinda. Subiri ufike mlango wa tatu.

Ikafika siku Hondo alizunguka kutwa nzima asipate kitu. Hata mbegu. Akarudi mdomo mtupu. Akasimama kwenye tawi, akaona haya. Lakini alikumbuka ahadi, akabisha. Ngo! Ngo! Ngo!

"Mke wangu, leo nimekosa."

"Nimekusikia," akasema Kidawa. "Pumzika. Umekuja."

Kesho yake akakosa tena. Akabisha tena.

"Mke wangu, nimekosa."

"Nimekusikia. Umekuja." Lakini safari hii sauti ilikuwa nyembamba. Hondo akaisikia jinsi ilivyokuwa nyembamba, na moyo ukamuuma mpaka akashindwa kusinzia.

Alfajiri, Kunguru huyo. Hakuja na ngoma, hakuja na kejeli. Alikuja na machozi.

"Bwana Hondo, maskini shemeji yangu Kidawa! Nimepita hapa jana, nimesikia sauti yake, nimelia. Mke kama yule afe njaa? Sikiliza. Nyuma ya vilima vile kuna bonde la Mkuyuni. Mto haujakauka, makuyu yanaanguka yenyewe, yanaoza. Nenda. Shiba kwanza upate nguvu, kaa huko siku mbili tatu, kisha mletee mengi kwa pamoja."

"Nikamuage," akasema Hondo. "Nibishe nimwambie."

"Umwambie? Utamliza bure. Na utabisha na nini, mdomo mtupu kwa mara ya tatu? Huoni haya? Wewe nenda kimya. Utamfurahisha ukirudi."

Hondo akautazama mwanya. Akamfikiria mkewe akisema kwa sauti ile nyembamba, nimekusikia. Haya ikamshika. Hakubisha.

Akaruka kwenda Mkuyuni. Vuu, vuu, vuu.

Alikwenda kwa sababu ya mapenzi. Na huo ndio mlango aliopitia Kunguru. Anasa ilishindwa, matusi yakashindwa, huruma ndiyo iliyomwangusha.

Ndani ya mti, Kidawa alisikia mabawa yakiondoka. Akangoja hodi. Hakuna hodi. Jua likapanda. Hakuna hodi. Akasema moyoni, "Hata ya mtupu, mume wangu? Hata ya mtupu?"

Chini, Kenge naye alikuwa akingoja hodi. Alipoona haiji, akaanza kupanda.

Akafika kwenye ukuta wa udongo. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku nyingine udongo ukipasuka Hondo huleta donge la udongo mbichi, Kidawa huziba. Sasa donge halipo. Kwaru, kwaru. Mwanya ukapanuka, upepo wa baridi ukaingia. Kenge hakuweza bado kupitisha kichwa. Akaona apitishe ulimi kwanza, anuse mayai yako upande gani.

Akapitisha ulimi.

Kidawa akaubana. Kwa huo mdomo wa kihondohondo, kap!

Kenge akavuta. Kidawa akabana. Kenge akavuta tena, ukuta ukatikisika. Kidawa akakanyaga sakafu ya manyoya yake mwenyewe, akabana. Hakuwa na mabawa ya kukimbilia, hakuwa na chakula tumboni. Alikuwa na mdomo tu. Akasema moyoni, "Nikiuachia, ataleta makucha. Siuachii."

Lakini ili aubane ilimbidi asimame mlangoni. Mayai yake matatu akayaacha nyuma, peke yao, katika upepo. Liwekeni hilo moyoni.

Kunguru akashuka kwenye tawi.

"Nadadia!" akasema Kenge. Alitaka kusema "nisaidie," lakini mwenye ulimi mlangoni mwa watu hasemi vizuri.

Kunguru akaelewa. Akasema kimoyomoyo, huyu mwanamke akifungua mdomo kuzungumza, tumepata. Hebu nimzungumzishe.

Kwanza akamtukana. "Wewe Kidawa, kipara! Kuku aliyenyonyolewa akasahauliwa kupikwa! Mumeo amekukimbia, nani atakaa na kitu kama wewe? Sema, kama una la kusema!"

Kidawa alikuwa nalo la kusema. Alikuwa nayo mengi, wanawake wenzangu mnajua. Akayameza. Akabana.

Mara ya pili Kunguru akalia. "Ole wako, shemeji! Hondo amenaswa. Amenaswa mtegoni Mkuyuni, mimi mwenyewe nimemwona akining'inia. Mke gani hamlilii mumewe? Mlilie basi, hata mara moja!"

Machozi yakamtoka Kidawa, yakadondoka juu ya udongo. Hakujua kama ni kweli au ni uongo. Lakini alijua kwamba mayai yako nyuma yake. Akalia kwa macho. Mdomo akaubana.

Tumwache hapo amebana. Tumfuate mume.

Hondo alifika Mkuyuni jua likiwa utosini. Kunguru hakumdanganya kuhusu makuyu. Yalikuwa mekundu, matawi yameinama. Njiwa wanakula, ninga wanakula, tumbili wanakula na kutupa.

Hondo akachuma kuyu moja. Kubwa, laini, linatoa asali. Akainua kichwa alimeze.

Halikushuka.

Akajaribu tena. Akainua kichwa, akafungua koo. Koo likakataa. Siku zote hizo koo lake lilikuwa halijapokea tunda la kwanza. La kwanza hupelekwa. Koo lilikuwa linajua hivyo, hata kama kichwa kilikuwa kimeshauriwa vingine.

"Kula, bwana!" ninga wakamwambia. "Umekonda wewe."

"Siwezi," akasema Hondo, na kuyu mdomoni. "Hili ni lake."

"Basi liweke chini, ule jingine."

"Jingine ni la pili. La pili haliji kabla ya la kwanza."

Ninga wakatazamana. Wakaona huyu jua limempiga.

Hondo akajaribu mara ya tatu, ikawa vilevile. Hapo akili ikamrudia. Akasema, "Kumbe nimefanya nini? Nimeondoka bila hodi!" Akageuka. Hakungoja kujaza, hakungoja kupumzika. Bonde zima lile la makuyu akaliacha, akarudi na kuyu moja mdomoni. Moja tu, baada ya kupita vilima vyote vile! Ninga walimcheka mpaka wakaanguka.

Vuu, vuu, vuu. Njaa inamuuma, tunda li mdomoni, wala halimezi. Vuu, vuu, vuu.

Huku kwenye mvule, Kunguru alikuwa amebakiwa na hila moja. Akasafisha koo. Alikuwa na sauti nzuri, nimewaambia. Akaifanya nzito, ya kifua, kama ya Hondo. Akabisha kwa mdomo wake mdogo: ki! ki! ki! Akaimba:

*Kidawa, Kidawa wa ndani ya mti,*
*Nilichopata ni hiki.*
*Kiwe kidogo, kiwe kikubwa,*
*Cha kwanza changu, cha pili chako.*

Ah! Mazoea yana taabu. Kunguru tangu azaliwe hajampa mtu cha kwanza. Ulimi wake haukuijua njia hiyo.

Kidawa aliposikia ki! ki! ki! alitia shaka. Aliposikia "cha kwanza changu," shaka ikaisha. Akabana zaidi.

Kunguru akarudia wimbo, akaongeza uzito wa sauti. Akakosea palepale. Akarudia, akaongeza tena. Alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba hakuyasikia mabawa yakija nyuma yake.

Hondo aliona mkia wa Kenge kwa mbali, umening'inia kwenye ukuta wa nyumba yake. Alitaka kupiga ukelele. Lakini mdomoni mlikuwa na kuyu. Basi akaja kimya, akatua, akaliweka kuyu kwenye panda ya tawi, pale anapoliweka siku zote. Kisha akabisha hodi.

Akabisha juu ya kichwa cha Kenge.

Ngo!

Kenge akaona nyota, na jua lilikuwa bado halijazama.

Ngo!

Makucha yakaachia.

Ngo!

Kenge akaanguka. Na ndani Kidawa alikuwa bado amebana, kwa hiyo mwili ukaenda chini na ulimi ukataka kubaki. Ukachanika katikati, kuanzia nchani. Kenge akapiga chini, pu! akaingia mizizini. Tangu siku ile kenge ana ulimi wa panda. Ukimwona anautoa na kuurudisha, anautoa na kuurudisha, anautazama kama umepona. Haujapona.

Kunguru naye alikuwa amekaza koo kwa sauti isiyo yake. Aliposhtuka, koo likamkwama hapohapo. Alitaka kusema "bwana Hondo, nilikuwa nalinda," ikatoka "kwaa!" Akajaribu tena, "kwaa!" Hadi leo anajieleza, na hakuna anayemwelewa. Harusini haalikwi. Anakuja mwenyewe, kwenye majalala.

Hondo akasogea kwenye mwanya. Ulikuwa mpana sasa, umechimbika.

"Mke wangu," akasema, "nimerudi. Nina kuyu moja tu."

Akalitazama kuyu pale kwenye panda.

"Nilikwenda mbali ili nikuletee mengi."

Kidawa akapumua. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, hata kuongea kulikuwa taabu. Akasema, "Juzi ulikuja mtupu, na nilikuwa na mume. Jana ulikuja mtupu, na nilikuwa na mume. Leo, asubuhi mpaka jioni, sikuwa naye. Sikukuomba mengi, Hondo. Nilikuomba hodi."

Hondo akainamisha mdomo.

Akalichukua kuyu pale kwenye panda, akalipitisha. Kidawa akalipokea, maana hasira haishibishi. Kisha Hondo akaenda mpaka mtoni akaleta donge la udongo, akaenda tena, akaleta jingine. Mwanya ukazibwa ukawa kama ulivyokuwa. Kila donge alilileta kwa hodi.

Tangu siku ile hakukosa. Alipopata, alibisha. Alipokosa, alibisha. Kulikuwa na siku nne mfululizo za mdomo mtupu, na siku zote nne hodi ilikuwa palepale: ngo! ngo! ngo! Nimekosa. Nimekusikia, umekuja. Na kenge kule chini, kila akiisikia, alirudisha ulimi wake wa panda kinywani.

Mvua ikarudi. Mikuyu ikazaa. Siku moja Kidawa akaanza kuugonga ukuta kutoka ndani. Manyoya yalikuwa yameota upya, yanang'aa. Ukuta ukavunjika, akatoka kwenye jua akafumba macho. Nyuma yake akatoka kifaranga. Nyuma ya kifaranga, kifaranga cha pili.

Hondo akarukaruka kwa furaha. Akangoja.

"Na wa tatu?" akauliza.

Kidawa akasogea pembeni, akampisha. Ilikuwa mara ya kwanza Hondo kuingia mle ndani. Akaona sakafu ya manyoya ya mkewe, yale aliyojinyonyoa. Akaona juu yake yai moja, zima, jeupe. Akaligusa. Lilikuwa baridi. Lilipoa siku ile Kidawa aliposimama mlangoni.

Kenge hakulipata, Kunguru hakulipata, na mwenyewe hakulipata.

Hondo alikaa mle ndani kitambo. Kisha akatoka, akaruka mpaka kwenye mkuyu wa karibu, akachuma kuyu. La kwanza la msimu. Akarudi nalo, akabisha kwenye mti mtupu, ngo, ngo, ngo, taratibu. Akaingia, akaliweka karibu na yai lile. Kisha akaenda kuwatafutia waliobaki.

Shemeji Mhina unasemaje? Sema kwa sauti, wasikie.

Anasema, "Lakini alikwenda kutafuta, hakwenda kustarehe." Kweli. Hakwenda kustarehe. Nenda kaliambie hivyo yai la tatu.

Sikilizeni niwape fundisho, maana hadithi bila fundisho ni sima bila mboga, inashuka lakini inasumbua. Uthabiti si kiapo kikubwa. Kiapo hata Kunguru anaweza, na kwa sauti nzuri. Uthabiti ni kurudi. Kurudi ukiwa nacho, kurudi ukiwa huna, kurudi ukiwa na haya usoni. Anayekupenda hakungoji uwe tajiri ndipo ubishe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi naongeza, hata kenge haimfukuzi. Na nyinyi mnaokaa mbali na kwenu mkingoja mpate vingi ndipo mpeleke salamu, hodi haina bei. Bisheni leo.

Na jambo jingine dogo. Zoezeni koo zenu mema wakati wa shibe. Siku akili itakapodanganywa, huenda koo likawarudisha nyumbani.

Hadithi naitua hapa, kama mzigo wa kuni. Aliyekolewa abebe kipande akawashe kwake. Asiyekolewa aniachie, nitapashia kiporo changu kesho.

Haya, mbaazi zimefika wapi?